Hedseti ya Bluetooth kwenye Linux, kwa anayetafuta riziki kwa masikio

Kazi yangu ni kunakili mahojiano. Watafiti hurekodi mazungumzo na wavuvi wa Dunga, wachuuzi wa soko la Kibuye au akina mama waliojifungulia vijijini, kisha hunitumia faili za sauti nami huziandika neno kwa neno nikiwa nyumbani Migosi, hapa Kisumu. Katika kazi hii sauti mbaya ni hasara ya moja kwa moja. Mtu akisema "thamani" nawe ukaandika "samani", umemsingizia. Kwa hiyo hedseti kwangu si pambo, na imenibidi nielewe vizuri jinsi Linux, mfumo endeshi wa laptopu yangu, inavyoishughulikia.

Vijana wengi wa hapa wanaofanya kazi za mtandaoni, wanaonakili, wanaotafsiri, wanaojibu wateja, hutumia laptopu za mtumba, zile ThinkPad na EliteBook tunazoziita ex-UK. Nyingi huenda vizuri sana ukiziwekea Linux Mint, Ubuntu au Debian. Halafu mtu ananunua hedseti ya Bluetooth, anaiunganisha, na malalamiko huwa yale yale. Muziki unasikika safi, lakini mkutano ukianza tu, sauti inageuka kama inatoka ndani ya pipa. Au maiki haionekani kabisa. Au hedseti inasema imeunganishwa na hakuna kinachosikika.

Kuna jambo moja ningependa kila mtu alijue kabla hajairudisha hedseti dukani. Hedseti ya kawaida ya Bluetooth ina hali mbili za kufanya kazi, na haiwezi kuwa katika hali zote mbili kwa wakati mmoja. Mara nyingi hedseti ni nzima, laptopu ni nzima, na kinachosumbua ni kwamba imewekwa katika hali isiyofaa kwa kazi iliyopo.

Hali ya kusikiliza na hali ya simu

Hali ya kwanza inaitwa A2DP. Ilitoka mwaka 2003 kwa ajili ya muziki. Sauti inatoka kwenye laptopu kwenda masikioni, kushoto na kulia, kwa ubora mzuri, lakini ni safari ya kwenda tu. Katika hali hii maiki ya hedseti haipo, usihangaike kuitafuta kwenye orodha.

Hali ya pili ni ya simu. Jina lake ni HFP, na ina mkubwa wake wa zamani zaidi, HSP. Hapa sauti inaenda na kurudi na maiki inafanya kazi, lakini njia ni nyembamba. Kodeki, yaani namna ya kubana sauti ili ipite hewani, ya zamani ya hali hii ni CVSD, nayo huchukua sampuli 8,000 kwa sekunde. Maana yake ni kwamba sauti yoyote iliyo juu ya hezi 4,000, yaani mitetemo 4,000 kwa sekunde, haipiti. Kodeki ya mSBC, iliyoletwa na HFP 1.6 mwaka 2011, huchukua sampuli 16,000, kwa hiyo inafika karibu na hezi 8,000.

Tarakimu hizi zina uzito kuliko zinavyoonekana. Irabu zetu, a, e, i, o, u, ziko chini ya hezi 4,000 kwa sehemu kubwa, kwa hiyo hata kwenye CVSD unamsikia mtu na unamtambua ni nani. Lakini s, f na th ni mivumo, na sehemu kubwa ya mvumo unaozitofautisha iko juu ya hapo. Ukiikata, "fisi" na "sisi" hukaribiana, "thamani" na "samani" pia. Ubaya ni kwamba hutambui kuwa kuna kitu kimepotea, maana ubongo hujaza pengo kwa kukisia kutokana na sentensi. Ukiwa unamjulia hali shangazi yako, haina neno. Ukiwa unanakili ushahidi wa mtu, inakupotosha bila kukuonya.

Basi kanuni yangu ni hii. Ninaposikiliza kwa makini, hedseti iko kwenye A2DP, sibahatishi. Ninapoongea, natumia maiki nyingine na hedseti inabaki A2DP, isipokuwa mazingira yakinilazimisha. Yote yanayofuata ni namna ya kuifanya Linux ikubali kanuni hiyo.

Jua kwanza ni seva gani ya sauti unayo

Chini ya programu zako kuna vitu viwili vinavyoshirikiana. BlueZ ndiyo inayozungumza na hedseti kwa redio, nayo imekuwa ndani ya Linux tangu 2001. Juu yake kuna seva ya sauti, inayogawa sauti kwa programu. Zamani seva hiyo ilikuwa PulseAudio, siku hizi ni PipeWire ikisaidiwa na WirePlumber, ambayo ndiyo hufanya maamuzi ya nani aunganishwe na nani. Fedora ilihamia PipeWire mwaka 2021, Ubuntu kuanzia toleo la 22.10, Linux Mint kuanzia 22. Ukiwa na Mint 21 au Ubuntu 22.04, bado uko kwenye PulseAudio.

Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike:

    pactl info

Tafuta mstari wa Server Name. Ukiona "PulseAudio (on PipeWire ...)", una PipeWire. Ukiona pulseaudio peke yake, una ile ya zamani. Usipite hatua hii, kwa sababu nusu ya ushauri unaozagaa mtandaoni ni wa PulseAudio, na ukiufuata kwenye PipeWire utaharibu kilichokuwa kizima.

Kisha hakikisha daraja kati ya BlueZ na seva ya sauti lipo. Kwenye Debian, Ubuntu na Mint, mwenye PipeWire aweke:

    sudo apt install libspa-0.2-bluetooth

Mwenye PulseAudio aweke pulseaudio-module-bluetooth. Usiweke zote mbili kwa matumaini kwamba moja itafanya kazi, zitagombania hedseti. Paketi hii ni ndogo, haitamaliza bando lako. Ikikosekana, hedseti itaoana vizuri kabisa halafu itakataa kuunganishwa, na ujumbe utakaouona ni br-connection-profile-unavailable. Wengi wakisoma hivyo hudhani hedseti ni mbovu. Maana yake ni kwamba BlueZ imeuliza ni nani wa kuipokea sauti na hakuna aliyejibu. Weka paketi, toka kwenye akaunti uingie tena, ujaribu upya.

Kama Bluetooth yenyewe haionekani

Hapa nitapita haraka. Andika rfkill list. Ukiona "Soft blocked: yes" upande wa Bluetooth, andika rfkill unblock bluetooth. Ukiona "Hard blocked: yes", tafuta swichi au kitufe kwenye laptopu yenyewe, ThinkPad za zamani zina swichi ubavuni ambayo mtu huisukuma bila kujua akitoa laptopu kwenye begi. Halafu:

    sudo systemctl enable --now bluetooth
    sudo dmesg | grep -i -E 'bluetooth|firmware'

Dmesg, kumbukumbu ya ujumbe wa mfumo, ikilalamika kwamba imeshindwa kupakia faili ya fimwea, yaani programu ya ndani ya kifaa, kadi yako inangoja faili zake. Ubuntu na Mint huwa nazo kwenye linux-firmware. Debian kuanzia toleo la 12 huzileta wakati wa kusakinisha, lakini Debian ya zamani iliyosasishwa huenda ikahitaji firmware-iwlwifi kwa kadi za Intel au firmware-realtek kwa za Realtek.

Anayetumia kidude cha USB cha Bluetooth aandike lsusb aone namba yake. Vidude vingi vya bei ya chini vyenye namba 0a12:0001 ni vya kuigiza, vimevaa namba ya chipu ya CSR bila kuwa nayo. Kiini cha Linux kina marekebisho maalumu ya kuvivumilia, kwa hiyo kiini kipya huweza kufufua kidude kilichokuwa kimekataa. Lakini kikiendelea kukatika, usikipigie magoti. Nunua kingine.

Kuoanisha bila kubahatisha

Zima Bluetooth ya simu yako kwanza. Hedseti hukumbuka simu iliyoizoea na hukimbilia huko punde inapowashwa, ndiyo maana laptopu huiona na kuikosa, huiona na kuikosa. Halafu iweke hedseti katika hali ya kuoana, yaani ushikilie kitufe mpaka taa iwake na kuzima kwa kasi. Zile ndogo zinazokaa kwenye boksi, kitufe mara nyingi kiko kwenye boksi lenyewe.

Unaweza kutumia Blueman kwenye Mint au sehemu ya Bluetooth kwenye mipangilio ya Ubuntu. Mimi hupenda terminali kwa sababu inaniambia sababu inapokataa:

    bluetoothctl
    power on
    agent on
    default-agent
    scan on

Subiri jina la hedseti litokee pamoja na anwani yake, tuseme AA:BB:CC:DD:EE:FF. Kisha:

    pair AA:BB:CC:DD:EE:FF
    trust AA:BB:CC:DD:EE:FF
    connect AA:BB:CC:DD:EE:FF
    scan off

Amri ya trust ndiyo watu huisahau. Bila hiyo hedseti itafanya kazi leo, kesho ukiiwasha laptopu itaikatalia mlangoni. Ukiona majina mawili yanayofanana, moja likianza na LE, chagua lile lisilo na LE, kwa sababu ndilo linalobeba sauti kwenye hedseti za kawaida. Na kama uliwahi kuoanisha ikaenda mrama, usiendelee kurundika majaribio juu ya majaribio. Andika remove na anwani, futa pia kumbukumbu ya hedseti kwa namna kijitabu chake kinavyoeleza, uanze upya pande zote mbili.

Kuchagua hali mwenyewe

Hapa ndipo penye uhondo. Sakinisha pavucontrol, programu ya kudhibiti sauti. Ifungue, nenda kwenye kichupo cha mwisho, Configuration, utaiona hedseti yako na kisanduku cha kuchagua hali. A2DP ni ile ya kusikiliza, Headset Head Unit ni ile ya simu. Huenda ukaona A2DP mara kadhaa, kila moja na kodeki yake: SBC, SBC-XQ, AAC, aptX, LDAC. Kwa sauti ya mtu anayeongea, SBC ya kawaida, ambayo kila hedseti lazima iwe nayo, inatosha kabisa. Hufika takriban kilobiti 328 kwa sekunde. LDAC hufika 990, lakini mahali penye mawimbi mengi ya redio hukatika upesi zaidi. Sioni sababu ya mnakili kulipia hedseti kwa ajili ya LDAC.

Kwa terminali, pata jina la kadi kwanza:

    pactl list cards short

Litakuwa kama bluez_card.AA_BB_CC_DD_EE_FF. Majina ya hali yapo kwenye pactl list cards, chini ya Profiles. Kwenye PipeWire ni a2dp-sink na headset-head-unit, zenye vistari. PulseAudio huyaandika kwa vistari vya chini, a2dp_sink na headset_head_unit. Nakili kama lilivyo kwenye orodha yako.

Mimi nimeziweka amri za kubadilisha hali kwenye faili ya .bashrc, ambayo terminali huisoma inapofunguliwa, kama maneno mawili ya Kiswahili:

    alias sikiliza='pactl set-card-profile bluez_card.AA_BB_CC_DD_EE_FF a2dp-sink'
    alias ongea='pactl set-card-profile bluez_card.AA_BB_CC_DD_EE_FF headset-head-unit'

Naandika sikiliza, naingia kazini. Simu ikinilazimu, naandika ongea. Vijana wanaokuja kwangu Jumamosi huondoka na haya mawili kabla ya kitu kingine chochote, na kwa wengi huwa ndiyo mwisho wa shida.

Ukitaka kujua hali ya simu inatumia kodeki gani, ukiwa ndani yake andika:

    pactl list sinks | grep -i codec

Ukiona msbc, una ile ya 16,000. Ukiona cvsd, una ile ya 8,000, na hapo laptopu au hedseti mojawapo haikubali mSBC. Angalia kama toleo la Linux ni la zamani. PulseAudio ilipata mSBC kwenye toleo la 15, mwaka 2021, kwa hiyo aliye chini ya hapo anajinyima bure.

Kuizuia isijigeuze yenyewe

WirePlumber hujaribu kukusaidia. Ikiona programu ya mkutano imeomba maiki, huigeuza hedseti kwenda hali ya simu bila kukuuliza. Kwa mtu wa kawaida ni wema. Kwangu ni usumbufu, kwa sababu hata kivinjari kikifungua ukurasa unaoomba maiki, sauti ya mahojiano inayochezwa upande wa pili huporomoka katikati ya sentensi.

Tazama toleo kwanza kwa wireplumber --version. Ukiwa na 0.5 au zaidi, kama kwenye Debian 13, ni mstari mmoja:

    wpctl settings --save bluetooth.autoswitch-to-headset-profile false

Ukiwa na 0.4, ambayo ndiyo iliyo kwenye Debian 12, Ubuntu 24.04 na Mint 22, tengeneza folda ~/.config/wireplumber/policy.lua.d na ndani yake faili 11-bluetooth-policy.lua yenye mstari huu:

    bluetooth_policy.policy["media-role.use-headset-profile"] = false

Kisha uanzishe upya:

    systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse

Kwenye PulseAudio, fungua /etc/pulse/default.pa, tafuta mstari wa load-module module-bluetooth-policy, uongeze auto_switch=0 mwishoni mwake.

Kuanzia hapo hedseti haigeuki mpaka useme.

Maiki ipi, wakati gani

Ukishaizuia, chagua maiki ya laptopu, au maiki ndogo ya waya, kuwa ya kudumu. Kwenye PipeWire, wpctl status hukupa orodha yenye namba. Chini ya Sources chukua namba ya maiki unayoitaka, mathalani 52, uandike wpctl set-default 52. Sasa mkutanoni unawasikia wenzako kwa A2DP, nao wanakusikia kupitia maiki isiyobanwa na Bluetooth. Nimeona watu wakibadilisha hedseti kwa sababu msimamizi amelalamika sauti yao haieleweki, kumbe maiki iliyo juu ya skrini ya laptopu ingemaliza neno.

Kuna wakati kanuni hii inashindwa, nao ni alasiri ya masika. Mvua ya Kisumu ikianza kupiga mabati, maiki ya laptopu inachukua mvua yote na sauti yako ndani yake. Hapo naandika ongea na kutumia maiki ya hedseti, iliyo karibu na mdomo. Nakubali upungufu wa 16,000 kwa sababu neno lililobanwa bado linasikika, na lililomezwa na mabati halisikiki. Feni ya laptopu ikivuma kwa joto la mchana, ni hivyo hivyo. Mkutano ukiisha, sikiliza.

Ila usirekodi kitu cha kuhifadhi kwa maiki ya Bluetooth kama una njia nyingine. Hili nalisema kwa mkazo hasa kwa wanaorekodi hadithi za wazee. Audacity, programu ya kurekodi, itaandika kwamba faili ni ya hezi 44,100, na kila kitu kitaonekana sawa, kwa sababu PipeWire huipanua sauti ili ifanane na inachotaka programu. Lakini kilichokatwa kwenye hedseti hakirudi. Unaweza kuliona jambo hili kwa macho yako. Rekodi sentensi moja yenye "samani" na "thamani" kwa hedseti katika hali ya simu, nyingine kwa maiki ya laptopu, ufungue zote kwenye Audacity, ubadilishe mwonekano wa wimbi uwe Spectrogram. Kwenye ile ya laptopu, kila s ni safu ndefu ya rangi inayopanda mpaka juu. Kwenye ile ya hedseti, rangi inaishia kwenye mstari ulionyooka, hezi 4,000 au 8,000, na juu yake ni giza tupu kutoka mwanzo wa rekodi hadi mwisho. Hakuna kichujio kitakachoipata s iliyobaki gizani.

Programu moja moja

Audacity husoma orodha ya vifaa inapoanza tu. Ukiunganisha hedseti baadaye, chagua Rescan Audio Devices, na kwenye vifaa chagua pipewire, pulse au default badala ya kuwinda jina la hedseti. Uelekezaji wenyewe uufanyie pavucontrol wakati sauti inacheza, kwenye kichupo cha Playback. Hivyo ndivyo navyofanya pia na Parlatype, programu ninayoipenda kwa kunakili kwa sababu inarudisha sauti nyuma kidogo kila unapoisimamisha.

Programu za muziki zinazotumia JACK, njia nyingine ya kupitisha sauti, kama Ardour, huanzishwa hivi kwenye PipeWire: pw-jack ardour, baada ya kuweka pipewire-jack. Zitaiona hedseti. Lakini Bluetooth ya A2DP huchelewesha sauti kwa sehemu inayohisika ya sekunde, mara nyingi kati ya milisekunde 100 na 250, kwa hiyo usijaribu kuimba juu ya ala uliyokwisha kurekodi huku ukijisikiliza kwa hedseti hiyo. Kwa video ucheleweshaji hurekebishika: kwenye VLC bonyeza j au k, kwenye mpv Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha au kutoa.

Sauti inapokatikakatika

Bluetooth inatumia masafa ya gigahezi 2.4, ikirukaruka kati ya chaneli 79, mara 1,600 kwa sekunde. Waifai ya kawaida hutumia masafa hayo hayo. Nyumbani kwetu shida hii huja hasa umeme ukipotea. Ruta inazimika, kila mtu anawasha hotispoti ya simu, simu inawekwa juu ya meza kando ya laptopu, na hedseti inaanza kukwama. Hotispoti nyingi huanza na 2.4. Ingia kwenye mipangilio ya hotispoti uchague 5 kama simu yako inayo na laptopu yako inaiona. Kama haina, unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB na ushiriki intaneti kupitia huo. Waifai ya simu na ya laptopu zote zinapumzika, na simu inapata chaji kidogo kutoka kwa betri ya laptopu, jambo ambalo nalo ulipime. Njia hii ya waya ndiyo ninayoitumia zaidi umeme unapokuwa haupo.

Kidude cha USB cha Bluetooth usikichomeke kwenye tundu la bluu la USB 3 jirani na diski ya nje. USB 3 hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayo hayo ya 2.4. Tumia waya mfupi wa kurefusha, ukisogeze mbali na laptopu, uone tofauti.

Kama inakatika baada ya kimya cha muda, huenda Linux inakilaza kidude ili kuokoa betri. Tengeneza /etc/modprobe.d/btusb.conf yenye mstari mmoja, options btusb enable_autosuspend=n, kisha uwashe laptopu upya. Na kama inapotea kila ukifungua laptopu iliyokuwa imelala, disconnect na connect ndani ya bluetoothctl hutosha. Huhitaji kuoanisha upya.

Utasikia watu wakitaja LE Audio. Ilitangazwa mwaka 2020, inatumia kodeki ya LC3, na ndiyo itakayoondoa huu mtindo wa kuchagua kati ya sauti nzuri na maiki. PipeWire imeanza kuikubali. Lakini inahitaji hedseti na kadi ya Bluetooth zote ziwe za kizazi kipya, na ex-UK nyingi tulizo nazo hazimo.

Ukiomba msaada

Mficha uchi hazai. Ukinijia au ukimwendea mtu yeyote anayeelewa Linux, usiseme tu "haifanyi". Fungua terminali mbili, moja na:

    journalctl -u bluetooth -f

nyingine na:

    journalctl --user -u wireplumber -u pipewire -f

Washa hedseti, iache ishindwe, unakili kilichoandikwa sekunde hiyo. Ongeza matokeo ya pactl info, pactl list cards na uname -r, jina la hedseti, na kama inafanya kazi na simu. Anwani ya hedseti unaweza kuifunika. Kwa maelezo hayo, mtu wa mbali anaweza kukusaidia kwa ujumbe mmoja, na hutalipa nauli ya boda kutoka Mamboleo kuja kuambiwa uandike trust.

Na ukiwa na kazi ya kukabidhi usiku huu, chomeka waya. Hedseti nyingi kubwa za Bluetooth zina tundu la milimita 3.5 chini ya sikio moja. Sauti hupita hapo bila kodeki yoyote katikati. Maliza kazi, halafu urudi kwenye pavucontrol asubuhi.